Misumari Mdomoni

Karakana nzima ilimwita Misumari, na jina lenyewe alijitakia. Mafundi wengine wa makochi walibana kitambaa kwa mashine, ta-ta-ta, wamemaliza. Yeye alijaza vimisumari mdomoni kama mtu anayekula karanga, akawa anavisukuma kimoja kimoja kwa ulimi, vidole vikipokea, nyundo ikigonga. Alijifunza hivyo gerezani, ambako mashine hakuna na muda upo wa kumwaga.

"Jamaa huyu siku akipiga chafya," alisema Vanishi, yule wa kupaka mbao rangi, "tutabandikwa wote ukutani kama kalenda."

Misumari alicheka kwa pua. Raha ya kuwa na misumari mdomoni ni hiyo, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi.

Hayo ya gerezani Vanishi hakuyajua. Wala Mama Pacha, aliyeshona vitambaa vya makochi kwenye cherehani ya pembeni, mdomo wake haupumziki na mguu wake haupumziki. Aliyejua ni Bosi peke yake. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajaonyeshwa pa kutundika shati, Misumari alimwambia wazi: alifungwa kwa kumbaka mwanamke aliyekuwa akifanya naye kazi, ndani ya stoo, na mlango aliufunga yeye mwenyewe. Hakusema alisingiziwa. Mahakamani ndivyo alivyosema, yule mwanamke akaitwa mwongo mbele za watu, na aibu hiyo nayo alikuwa anatembea nayo.

Bosi alikuna kidevu. Makochi yalikuwa yamerundikana mpaka nje, fundi alikuwa anamtaka kama maji.

"Umeshatumikia kifungo, yamepita hayo. Ila yaishie hapa hapa. Ukianza kuwaambia wenzako utaniharibia kazi."

Misumari akakubali. Tena alikubali haraka, akashukuru.

Alikuwa akilala kwa dada yake, chumba cha uani. Shemeji aliweka sharti asikanyage ndani wakati mabinti wako nyumbani. Basi sahani ya jioni ilipitia dirishani, wakaongea ndugu wawili katikati yao nondo.

"Ona, kaka yangu," dada alijaribu kutania, "kama vile bado nakuja kukutembelea kule."

Akacheka peke yake, kisha akafuta macho kwa kiganja.

"Kazi hii ikishika, shemeji yako atalegea. Ameniambia mwenyewe. Usiipoteze, nakuomba."

Asubuhi moja mama mmoja mwenye miwani akaja kuangalia kochi lake limefikia wapi. Misumari alikuwa amelipigia magoti, mdomo umejaa. Aliinua macho akamtambua hapo hapo. Alikuwa shangazi wa yule mwanamke. Kesi nzima alikaa benchi la mbele, ameshika mkono wa mpwa wake.

"Huyu ndiye fundi wenu?" mama akauliza.

"Tena fundi wa ukweli," Vanishi akadakia. "Huyo chai yake anainywa na chuma."

"Huyu alimbaka mtoto wa kaka yangu."

Cherehani ikanyamaza.

Misumari alitaka kujibu. Alitaka kusema ndiyo, ni mimi. Lakini vimisumari huwezi kuvitema kama mate, kimoja kikiponyoka kinakwenda kooni. Ikabidi avitoe kimoja kimoja, akiviweka kiganjani, na kila kimoja kilichukua mwaka mzima. Watu wote wanamtazama.

"Mwoneni," shangazi akasema. "Anatafuta uongo wa kusema."

Bosi akatoka ofisini mbio, shati nusu limechomekwa.

"Nini? Mungu wangu! Mama, mimi sikujua. Naapa, huyu mtu alinificha!"

Msumari wa mwisho ukatoka. Ulimi ulikuwa na ladha ya kutu.

"Bosi," akasema Misumari. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia nini wewe? Lini?" Bosi alikuwa analitazama kochi, si yeye. "Kusanya vitu vyako."

Shangazi hakufurahi wala hakutukana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi nilifuata kochi tu," akasema. "Mtoto wetu mpaka leo hakai chumba kilichofungwa mlango. Kochi nitatuma mtu alichukue."

Akaondoka. Misumari akachukua nyundo na shati lake. Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia anaitwa.

"Simama hapo hapo. Usinisogelee."

Alikuwa Mama Pacha, mkasi bado mkononi, sijui kwa kusahau au kwa makusudi.

"Nijibu kitu kimoja. Bosi ulimwambia kweli?"

"Siku ya kwanza."

"Na lile gogo ulilokuwa unatega mlangoni kila siku, mlango usijifunge?"

"Ni kwa sababu hiyo."

"Na mimi nikisema jamaa anasumbuliwa na joto!" Aliguna, cheko likamfia njiani. "Mara ngapi tumebaki wawili mle ndani, nakusimulia mambo ya wanangu mpaka wanavyokoroma? Wewe unajua, Bosi anajua, mimi ndiye bwege wa watu. Mngeniambia ningechagua. Labda ningebaki. Labda ningetoa cherehani yangu nje, nishonee juani. Lakini ningechagua mimi."

Safari hii mdomo wa Misumari ulikuwa mtupu.

"Bosi amekuonea," Mama Pacha akaendelea. "Amekufukuza kwa uongo, na nitamwambia usoni. Ila usidhani tumekuwa marafiki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Na kweli Mama Pacha alirudi ndani akamwambia Bosi. Sauti yake ilifika mpaka barabarani, na Vanishi naye akasikika, "Bosi, hapo umechemka." Mlango wa ofisi ukabamizwa, na hakuna aliyetoka kumwita Misumari arudi.

Jioni sahani ilipita dirishani. Dada hakutania. Shemeji, kutoka ndani, aliongeza sauti ya redio.

Akaanza kutafuta upya. Karakana ya kwanza walimsikiliza mpaka alipotaja kubaka, wakamwonyesha njia ya kutokea. Nyingine walicheka kwanza, wakidhani anatania, halafu wakaacha kucheka.

Ile iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, mwenyewe alikuwa bwana mnene, penseli sikioni. Aliichukua nyundo ya Misumari, akaipima uzito.

"Fundi wa misumari! Siku hizi hamko wengi. Njoo ukae hapa nikuone."

"Kabla hujaniona, bosi, kuna jambo."

"Sema."

Ndani cherehani ilikuwa inalia. Misumari akaisikiliza kidogo.

"Anayeshona ni mwanamke?"

"Shemeji yangu huyo. Kwani vipi?"

"Naomba umwite. Naye asikie."

Bwana akamtazama, akageuka akaita. Cherehani ikanyamaza. Misumari akasogea pembeni mwa mlango, njia ikabaki wazi, akangoja.