Suruali ya Mjomba na Jitu la Baridi

Ieleweke tangu mwanzo kwamba sindano ilikuwa ya shule. Shule yetu ya bweni hutufundisha kushona ili tuwe watu wa maana, na asubuhi ile nilikuwa wa maana sana.

Mjomba Hallmar alikuja shambani kumhamishia Bibi Sólrún mjini. Mizigo ilikuwa tayari garini. Bibi hakupenda, lakini tangu Babu afariki hapakuwa na wa kumpokea Thorri, jitu la baridi. Kwetu Aisilandi, siku ya kwanza ya mwezi wake, mwenye nyumba hutoka peku, mguu mmoja tu ndani ya suruali, akaizunguka nyumba akirukaruka na kumkaribisha.

"Kama hakuna wa kumpokea, nyumba haina mwenyewe, nitakwenda," Bibi alisema. "Akipokelewa, sing'oki."

"Mama, mimi mhasibu. Majitu ni hadithi."

"Hadithi! Milima hii mifupa ya jitu la kale, mawingu ubongo wake. Unakaa juu ya mwili wake, halafu salamu inakushinda?"

Nilijitolea. Bibi akanitazama kidevu. "Ota ndevu kwanza, Ketill."

Basi usiku, Mjomba amelala, nikaichukua suruali yake, nikaushona mguu wa kushoto pale pajani, ukazibika kabisa. Asubuhi ya siku ya Thorri, giza bado limetanda, nikapiga kelele: "Mjomba! Kondoo dume yuko juu ya gari lako!"

Ilikuwa kweli. Nilimpandisha mwenyewe, kwa heshima zote.

Mguu wa kulia ukapita. Wa kushoto ukagonga mshono. Viatu, kwa bahati mbaya, vilikuwa darini. Mjomba akatoka hivyo hivyo, akirukaruka thelujini, suruali ikiburuzika nyuma yake kama mkia. Kondoo akashuka, akakimbia kuizunguka nyumba. Mjomba nyuma yake, akimtukana ukoo mzima.

Kwenye kona ya mwisho akasimama. Jirani yetu Eyvör, aliyeleta nyama ya papa iliyovundikwa, alikuwa amecheka mpaka akaketi chini. Bibi hakucheka. Alisimama mlangoni, kikombe cha Babu mikononi, akingoja.

"Wewe mtoto, nitakuua," Mjomba akaniambia.

"Sawa, Mjomba. Ila umebakiza kidogo tu."

Akamtazama mama yake. Akashusha pumzi, akaruka mpaka mlangoni, akanguruma kuelekea milimani: "Karibu, Thorri! Karibu nyumbani!"

"Taratibu, jitu si kiziwi," Bibi akasema, akimpa kahawa. "Haya, kashushe mizigo yangu. Na we Ketill, kalete viatu vya mwenye nyumba."