Kalama Ana Mama Wawili

Boma lina askari wasiohesabika, mwizi yumo ndani anakula, na hakuna anayemkamata. Tegua.

Mimi nilishindwa. Mjukuu wangu Jumwa akanidai mji, nikampa Malindi, naye akasema: mwizi kavaa nguo za mwenye nyumba. Ndivyo inavyokaa saratani ya tezi dume. Askari wa damu wanapita, wanaisalimia, wanakwenda zao.

Tangu atoke Garsen kwenda kusoma, Nairobi na kisha Ulaya, kazi yake ni hiyo tu, kuwafundisha askari wamtambue mwizi. Aliulizwa mwanamke ana nini na tezi za wanaume. Akaendelea na kazi. Wakubwa wa maabara ya Ulaya wakampa panya, akasoma kwa panya miaka na miaka. Halafu akawauliza, mbona damu yote iliyo kwenye majokofu yenu ni ya wanaume wa kwenu? Ya wa kwetu iko wapi? Wakamwambia, kailete.

Basi akarudi Garsen. Akapiga hema kando ya soko la mifugo, yeye na mwenzake Thoya. Damu kidogo inapimwa kama mwizi yumo, inayobaki inakwenda maabara. Mimi nikakaa mlangoni na kiti changu.

Hakuja mtu. Jumwa alizunguka na adabu zake zote: "Mimi binti Kalama wa hapa hapa. Baba, mkojo unatoka vizuri?" Wanaume wakatazama mbuzi wao.

Mzee Dhadho, mchuuzi wa ng'ombe, rika moja na marehemu mume wangu na shemeji yangu wa utani, ndiye aliyemhurumia. "Binti Kalama, niulize habari za ng'ombe. Hayo mengine baba hamwambii mwanawe."

Mchana, mkubwa wa Jumwa kazini akapiga simu kutoka Nairobi. Kama hadi jioni hakuna damu, Thoya ashike kazi, yeye arudi kwa panya. Thoya akainamisha kichwa.

"Sirudi," Jumwa akasema. "Swali hili ni langu."

Nami nilikuwa na langu. Huyo Kalama, babake, ni mwanangu. Siku hizi akienda chooni anakawia mpaka chai inapoa. Nikimuuliza anasema ni uzee, mbele yangu mimi niliyemzaa. Na siku ile alikuwa hapo sokoni, akilizunguka hema kwa mbali kama mbuzi anayekwepa josho.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Nani kakuambia wewe ni binti Kalama?"

Sisi Wagiriama, msichana akipewa jina la nyanyake, kama huyu alivyopewa langu, yeye ndiye nyanya. Kalama hajawahi kumwita huyu kwa jina. Humwita mama. Sikuhitaji kumaliza. Jumwa alicheka, akajifunga leso yangu juu ya koti lake jeupe, akaenda moja kwa moja kwa Dhadho.

"Shemeji, ng'ombe humnunui mpaka umkague mkia. Wewe mwenyewe mkono tu unauficha?"

Wachuuzi wakaangua kicheko. Dhadho akatikisa kichwa. "Jumwa huyu. Mdomo ule ule." Akakunja mkono wa kanzu. "Haya, kamua. Maziwa yakikosa usinilaumu."

"Yakikosa nitakuuza Kipini kwa wachinjaji, mume wangu."

Dhadho alipoketi, wengine wakasogea. Mmoja alisema amekuja kutazama tu, akapigwa sindano akiwa bado anatazama.

Kalama akabaki kwenye lori, anapakia mbuzi waliokwisha kupakiwa. Jumwa akamwendea. Soko zima likageuka kutazama.

"Mama, niache," akasema Kalama.

"Sikuachi. Nimekuzaa, nimekuogesha, hakuna pako nisipopajua. Twende."

"Mbele za watu?"

"Nyuma ya watu umekaa sana."

Akanitazama mimi nimwokoe. Nikamwambia, "Unanitazama nini? Mamako ameshasema."

Akashuka. Akaja akiburuta ndara, mtu mzima mwenye mvi, akakaa, akanyoosha mkono huku amefumba macho. Majibu sijui yatasemaje. Yakiwa mabaya, mwizi atakuwa amejulikana jina, na nyumba hii ina wanawake wawili wasiojua kunyamaza.

Sindano ikiwa ndani, simu ya Nairobi ikalia. Thoya akamnyooshea. Jumwa hakuinua macho.

"Mwambie angoje. Nimemshika mwanangu."