Karatasi ya Pili

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye kipaza sauti.

Ukumbi wa Kharumwa ulijaa hadi madirishani. Wageni kutoka nchi sita walikaa mbele, wakijadiliana nasi namna ya kulinda haki za makundi madogo. Mimi, Mayala, au Baba Vumilia kwa majirani, mshereheshaji wa harusi, nilipewa kazi ya kuwachangamsha watu. Karatasi za mahudhurio zikazunguka: majina matatu, simu, mahali unapoishi. Ya pili ikamfikia Dorika, fundi cherehani, jirani yangu tangu utotoni, mwenye ualbino. Akaandika jina moja, akaisukuma mbele.

"We Dorika!" nikapaza sauti. "Watu wamepanda ndege mbili kuja kukusikiliza, unawaficha kwako? Au kuna bwana ndani hujatutambulisha?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wageni wakacheka baadaye, walipotafsiriwa. Dorika akashusha ukingo wa kofia yake pana, akairudisha ile karatasi, akajaza kila kitu: Dorika Alois Lugata, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu.

Mtu mmoja hakucheka. Alikaa safu ya mwisho, viatu vimeganda udongo mwekundu wa mashimo ya dhahabu. Nikajisemea, huyu kafuata pilau.

Azimio likasomwa, picha zikapigwa. Nilipokusanya karatasi, ya pili haikuwepo. Mwandaaji akaniambia nisihangaike, angechapisha nyingine.

Mwaka wa nne huu. Mpaka leo sianzi kusherehesha kabla sijatazama nani kakaa nyuma.

Jumatatu iliyofuata mkutano ule, saa nne asubuhi, pikipiki isiyo na namba ilisimama pale mashineni. Mwendeshaji hakuzima injini. Alimuuliza Mama Masalu, anayesaga, nyumba ya Dorika Alois Lugata iko wapi. Mama Masalu akamjibu hapa hakuna mtu huyo, akangoja vumbi litulie, kisha akaja kwangu mbio, unga umemjaa hadi kwenye kope.

"Baba Vumilia, hilo Lugata mimi mwenyewe nimelisikia leo. Yeye kalitoa wapi?"

Nikapiga simu polisi na kwa wageni, kisha nikakimbilia mlango wa bluu.

Nilimkuta Dorika anafungua skrubu za cherehani, habari zimeshamfikia. Nikajaribu utani, akaendelea kufungua. Nikamsihi: polisi wameshajua, wageni nimewapigia simu, wameahidi kuandika barua, na kuhama ni kuwaachia hawa watu mji.

"Usiondoke, Dorika. Nimekosea, nakubali. Lakini kosa si linarekebishwa?"

Akakaza kamba ya furushi kwa meno, akaifunga fundo, ndipo akanitazama.

"Baba Vumilia, wewe ukikosea, unachekwa siku mbili yanaisha. Mimi, ukikosea wewe, nazikwa, na kaburi mtalimwagia zege nisije nikafukuliwa. Haya, shika upande huo wa cherehani, tupakie."