Kisanduku Kisicho na Dereva

"Chomoa, uchomeke tena," mama mkwe aliamuru, sauti ikikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

Fundi alichomoa, akachomeka. Taa ya kisanduku cha kurekodia sauti iliwaka. Kompyuta ikakaa kimya, kama haijaona mtu.

Kesho mama mkwe alikuwa anakwenda kupasuliwa koo. Sauti huenda ikarudi, huenda isirudi; daktari hakutaka kuahidi. Ndipo baba mkwe alipokwenda kwa wauza vitu vikuukuu, akarudi amekikumbatia kisanduku hicho kama mtoto mchanga, akamkabidhi fundi, mke wa mwanawe, ili sauti irekodiwe kabla. Kutengeneza kompyuta ndiyo kazi yake. Akishindwa leo, ataaibika ukweni mchana kweupe.

"Tatizo nini hasa?" mzee aliuliza.

"Hakina draiva, baba."

Mzee alivimbisha kifua. "Dereva? Si mimi hapa! Nimeendesha lori ujana wangu wote. Nisogezeeni kiti."

"Lori lenyewe uliligonga likiwa limeegeshwa," mama mkwe alisema, akacheka mpaka kikohozi kikambana.

Fundi aliuma midomo asicheke mbele ya wakwe. Akaeleza: kifaa kikichomekwa, hujitambulisha kwa namba. Kiini cha mfumo, yule msimamizi mkuu ndani ya kompyuta, huwapitia madereva wake, yaani programu za kuendesha vifaa, na kila dereva ana namba anazozikubali. Zikioana, kazi inaanza.

"Hiki chetu kimetaja namba ambayo hakuna anayeijua."

"Basi kinadanganya," mama mkwe alikata shauri. "Kivue nguo tukione."

Fundi alishika bisibisi. Ndani, chini ya tabaka la vumbi, aliikuta chipu anayoifahamu vizuri, ameshaihangaikia katika visanduku vya kila aina. Aliyekiunda hiki alikuwa amebadilisha namba tu. Kumbe dereva wake yumo kwenye kompyuta siku zote, amekunja mikono, anangoja kuitwa!

Ila akikosea, kompyuta ingeweza kuganda, na hawakuwa na nyingine. Aliandika amri ya mstari mmoja, kumwambia dereva yule aipokee namba hii pia. Akabonyeza huku amefumba jicho moja.

Skrini iliganda.

"Hapo ungekanyaga breki," mzee alishauri.

Vijistari vya kijani vya kupima sauti vikachomoza, vikaruka juu kwa neno "breki".

"Kinamsikia yeye!" Mama mkwe alimsukuma mumewe pembeni. "Ondoka, hii zamu yangu. Nina maneno nimeyaandaa wiki nzima."

Fundi alianza kurekodi. Mama mkwe alikaa, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni ya kisanduku. Vijistari vilitikisika kidogo kwa pumzi zake tu.

"Sema, mama."

"Niseme nini, nanyi mmenikodolea macho hivyo?" Aligeuka kumtazama mumewe, akamtazama tena. "Na wewe, vifungo gani hivyo? Umefunga upande upande kama mlevi."

"Viko sawa."

"Haviko sawa. Njoo."

Mzee aliinama. Mama mkwe alivifungua kimoja kimoja, akavifunga upya, akinung'unika kwa sauti ya chini: shingo hii lini ilisuguliwa, kola hii nani kaipiga pasi, na kwa nini anatetemeka, kwani ni yeye anayepasuliwa?

Fundi alitoka akinyata, akaurudisha mlango taratibu. Nyuma yake vijistari vya kijani viliendelea kupanda na kushuka.