Taulo la Elinaza

Mashaka alitupanga ukutani kama watoto wa shule.

"Leo hatupiti getini. Nyie wote mnapitia huku."

Huku kwenyewe kulikuwa ni tundu la ukuta, nyuma ya vyoo vya kiwanja kidogo cha Kawe. Mashaka ni mwenyekiti wa tawi letu la Buguruni, tawi la mashabiki wa Hodari. Tena ndiye kamati ya ufundi, jina la heshima wanalopewa wanaoshughulikia dawa za timu.

"Mashaka, hii ni mechi ya kirafiki," nilimwambia. "Ligi bado wiki tatu. Leo hakuna hata pointi."

"Dawa haijui kirafiki, Mama Blessing. Inama upite."

Sikuinama. Nilipita getini, ngoma yangu begani. Mwanaasha, ambaye nimekaa naye jukwaani miaka kumi na tisa, akanifuata huku akicheka.

"Tukifungwa leo tumekwisha, shoga yangu. Watasema ni sie tuliopita getini."

Mimi sikuwa na kicheko. Nilikuja kwa ajili ya Elinaza, kipa wetu. Kijana huyu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu na tunasali jumuiya moja. Mechi ya mwisho msimu uliopita mpira ulimponyoka, tukafungwa, na tawi zima likasema amekula hela. Mashaka ndiye aliyeanza kusema hivyo, bila hata chembe ya ushahidi. Sasa kocha mpya, Gervas, alibakiwa na nafasi moja ya kipa, na majina yalitakiwa kupelekwa kesho. Alimwambia Elinaza wazi: "Nitakuona Kawe. Nikiridhika, nakuandika."

Elinaza aliniomba kitu kimoja tu, taulo. Glavu zake zimechakaa, zikilowa zinateleza. Nilimpa taulo langu la njano. Nilikuwa nimefunga siku mbili nikimwombea. Asubuhi ile, kabla ya kumpelekea, nilikunja karatasi yenye sala nikaishona kwenye pembe ya taulo. Sikumwambia.

Manyunyu yalianza dakika ya kumi. Elinaza alilitundika taulo kwenye wavu, kila mara akirudi kufuta mikono. Alikuwa anadaka vizuri. Nilipiga ngoma kwa fimbo zangu mbili mpaka viganja vikawaka moto.

Kisha nikamwona Mashaka nyuma ya goli. Aliingiza mkono kwenye wavu, akalivuta taulo, akalipapasa. Vidole vyake vikakwama kwenye pembe.

"Hirizi!" alipiga kelele. "Jamani, kipa katumwa! Kaja na hirizi ya wapinzani!"

Elinaza aligeuka. "Braza, nirudishie taulo langu!"

Wakati huohuo kona ikapigwa. Alirukia mpira kwa glavu zilizolowa, ukamteleza, ukaingia. Watu wetu wenyewe wakaanza kumrushia chupa za maji. "Mwizi! Mwizi!"

Nilishuka jukwaani sijui kwa miguu ya nani. Nilipofika chini ilikuwa mapumziko, na Mashaka alikuwa ameshafika kwenye benchi, taulo juu kama bendera.

"Kocha, shika mwenyewe hapa! Kuna kitu kigumu!"

Kocha Gervas hakushika. Alitazama zile chupa uwanjani. "Sitaki vurugu. Elinaza, kaa nje. Mwenzako ataingia."

"Lete hapa hilo taulo!" Nilimnyang'anya Mashaka. Nilikata uzi kwa meno, nikaifungua karatasi mbele ya wote, nikaisoma kwa sauti: "Bwana, ishike mikono ya Elinaza." Nikamsogezea Mashaka usoni. "Iko wapi hirizi? Niambie, iko wapi? Mtu mzima unamwibia kipa wako taulo! Msimu mzima unamwita mwizi, kumbe mwizi ni wewe!"

Mashaka akatabasamu. "Ni wewe uliyeshona, Mama Blessing?"

"Ni mimi. Ni sala."

"Sala inashonwa? Mie nafukia dawa, wewe unashona. Tofauti yetu ni sindano tu."

Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kumpiga kofi, Mungu anisamehe. Lakini neno lake lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimeomba siku mbili. Sala ilikuwa imeshafika. Karatasi ile niliishona kwa sababu niliogopa kwamba haikufika.

Elinaza alinitazama, maji yakimchuruzika usoni.

"Mama, mimi nilikuomba taulo."

Nikamgeukia kocha.

"Kosa ni langu, kijana hakujua chochote. Lakini hii ni mechi ya kirafiki. Wenzetu wakikubali, aliyetoka anaweza kurudi. Mwalimu, umemwona dakika arobaini na tano, na kwenye goli lile alikuwa anaibiwa. Mrudishe."

Kocha alikwenda kuongea na refa na benchi la wenyeji. Akarudi. "Dakika ishirini za mwisho." Alilichukua taulo, akalikung'uta, akazipapasa pembe zote nne mwenyewe, ndipo akampa.

Nilirudi jukwaani kwa Mwanaasha, lakini dakika ishirini zile sikupiga ngoma. Elinaza alipangua shuti moja, akajitupa miguuni kwa mshambuliaji na kuukumbatia mpira. Tulifungwa moja kwa bila, basi. Filimbi ilipolia, kocha alimwita. "Kesho saa mbili uje na kitambulisho, tukuandike."

Unadhani Mashaka aliona haya? Alikuwa wa kwanza kuanzisha wimbo. "Elinaza ukuta! Elinaza ukuta! Mama Blessing, ngoma!"

"Si ndiye mwizi wako?"

"Ya kale hayo, bimkubwa. Piga bwana, tumepata kipa!"

Niliziweka fimbo chini ya paja nikazikalia.

Elinaza alipita mbele yetu akielekea nje. Wimbo wao hakuugeukia. Alimwamkia Mwanaasha kwanza, kisha akaliweka taulo juu ya ngoma yangu, limekunjwa, pembe iliyochanika ikiwa juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakusimama.

"Ngoma!" Mashaka bado alikuwa anaita. "Ngoma, jamani!"

Nililifungua taulo, nikaifunika ngoma yote, nikainyanyua. Tukatoka na Mwanaasha kwa geti lilelile.