Chui wa Chini ya Kitanda

Nyumbani walimwita Kamusi, maana kazi yake ilikuwa kuhariri kamusi na mdomo wake haukukaukiwa maneno. Lakini asubuhi hiyo Kamusi hakukalika. Mara dirishani, mara mlangoni, chai inapoa mezani. Mjomba alikuwa njiani na gari, anakuja kumchukua mdogo wake Kamusi, kitindamimba wa nyumba hiyo, akamfungie mbali ambako majirani hawatamsikia akinguruma. Tangu Jumatatu binti wa watu alikuwa akitambaa na kukwaruza mlango. "Mimi chui," alisema siku hiyo, na tangu hapo hakutamka neno.

"Mama, jina lipo!" Kamusi akasema. "Kwa Kiingereza ni theriantropi. Wameliunda kwa Kigiriki: therioni, mnyama wa mwituni, anthroposi, mtu. Mtu kugeuka mnyama. Jambo lenye jina halikuanza kwetu, mama. Tumpeleke kwa daktari, siyo kumfungia!"

Mama akafuta macho kwa kiganja. "Jina umelipata, hongera. Na mwanangu nimpate wapi?"

Loo! Kamusi, yeye na maneno yake yote, akarudi dirishani. Mara honi ikalia, na mjomba huyo, kaingia bila hodi, kamba mkononi.

"Mnacheka na nyani nyie," akafoka. "Mtavuna mabua!"

Kamba ile ilimpandisha Kamusi mori. Akampita mjomba kikumbo, akaingia chumbani kwa mdogo wake na kujifungia kwa ndani.

Kitindamimba alikuwa chini ya kitanda, meno nje, ananguruma. Kamusi alimwogopa, tusidanganyane. Alimwogopa mtoto aliyembeba mgongoni mwenyewe! Akavua viatu vya ofisini, akapiga magoti na sketi yake iliyonyooshwa kwa pasi, akatambaa mpaka uvunguni. Akanuswa shingo, akanuswa vidole.

"Dada," sauti ikatoka, imekauka. "Unanuka karatasi."

Kamusi akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. "Nioshe basi kwa ulimi," akasema, na mdogo wake akamcheka.

Nje mjomba alikuwa bado anautwanga mlango. Mama akamshika mkono.

"Kaka, rudisha kamba yako garini," akamwambia. "Wanangu wanaongea."