Sakafu ya Watu Wawili

Jumapili asubuhi mpiga pasi aliketi ukingoni mwa kitanda, akageuza bahasha ya mshahara na kupiga hesabu nyuma ya bahasha hiyo. Mhasibu wa kule kwa dobi alikofanya kazi aliwahi kuwaambia kwamba mtu mwenye akili zake halipi kodi ya nyumba inayozidi theluthi ya mshahara. Akagawa kwa tatu. Akarudia, polepole, kana kwamba kosa ni la kalamu. Theluthi ilitosha kulipia sakafu ya watu wawili. Chumbani walikuwa watatu: yeye, mama yake mzazi na bintiye, waliyemwita Kibonge kwa mashavu yake.

Alipoinua macho, mama alikuwa ameshapaa. Alielea chini ya dari huku akiendelea kushona kifungo.

"Usijisumbue, mwanangu. Huku kuna joto tu."

"Bibi, unaona nini?" Kibonge aliuliza.

"Vumbi. Mama yako hajalifuta tangu tuhamie."

Mpiga pasi alimfunga mama kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa kitanda, asije akatoka nje kupitia dirishani. Majirani waliopita mlangoni waliinua shingo, wakamwamkia, wakaenda zao. Kule kwa dobi, mwenzake wa meza ya pili ya pasi alisema mumewe yuko darini tangu mwaka jana.

"Afadhali. Hata kukoroma kumepungua."

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja. Alitazama juu kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naona umepata nafasi nzuri." Akamgeukia mpiga pasi. "Dada, hewa ya humu ndani nayo ni yangu. Sikujenga sakafu peke yake. Kuanzia mwezi ujao utailipia."

"Kaka, sina. Zamu zenyewe nafanya mbili."

"Jipange."

Alipoondoka, mpiga pasi aligawa upya. Hewa ikishalipiwa, sakafu iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Alifikiri kupaa yeye. Lakini pasi inataka uzito wa mwili; anayeelea hawezi kunyoosha hata kola. Na bila pasi hakuna mshahara wa kugawa.

Aliandika jibu, akaweka kalamu chini. Nyayo za Kibonge ziliachana na sakafu. Kiatu kimoja kilidondoka. Mama mtu alimshika mkono mpaka vidole vikateleza, na bibi akampokea kwa juu.

"Kunja magoti," bibi alimfundisha, "usijigonge."

"Mama, na wewe unakuja lini?"

"Siji, mwanangu. Kesho nina zamu."

Jioni aliwapandishia chai kwa ndoo na kamba. Balbu sasa ilikuwa jirani na shavu la mtoto, ikimchoma, kwa hiyo aliizima. Tangu siku hiyo walikula gizani, wawili juu na mmoja chini, na kodi ililipwa kila mwezi bila kuchelewa.